Benni McCarthy alifunga sana, ila ukocha wake haukutoka kwenye magoli

Hapa Kigoma kaa kijiwe chochote unachotaka, Mwanga, Ujiji, Kibirizi kule kwa wavuvi, popote pale, ikitajwa kwamba kuna timu inatafuta kocha jina la kwanza litakalotoka ni la straika mstaafu. Beki hatajwi. Kiungo mkabaji ndo kabisa, huyo hata alipokuwa anacheza watu walikuwa hawamuoni. Na mkoa wenyewe mchezaji wake mwenye jina kubwa kuliko wote ni Juma Kaseja, kipa! Lakini hapana, watu wanataka mfungaji, eti aliyefunga magoli anaujua mpira, basi na ukocha atauweza.

Na tangu CHAN ile ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, hawa watu wamepata silaha mpya. Silaha yenyewe ni Benni McCarthy, straika wa zamani wa Afrika Kusini aliyeifundisha Kenya kwenye mashindano yale. Mnaona Kenya, mnaona, straika akipewa timu mambo yanaenda. Mimi nimebishana sana kwa hili na wengine tumeishia kununiana, sio kwa sababu McCarthy hanikoshi, ananikosha sana, ila wanamuangalia kwa upande ambao sio. Mtu akikaa akaifuata safari yake mwanzo mpaka mwisho ataona kwamba yale magoli ndo kitu kilichomsaidia kidogo kuliko vyote.

Magoli yenyewe tuyapitie haraka maana yanajulikana. Mtoto wa Hanover Park, Cape Town, kazaliwa 1977. AFCON ya 1998 kule Burkina Faso alikuwa na miaka ishirini tu, akafunga magoli 7, manne kati ya hayo kwenye mechi moja dhidi ya Namibia, akamaliza mfungaji bora sambamba na Hossam Hassan wa Misri, kisha mwaka huohuo akaifungia Afrika Kusini goli lake la kwanza kabisa kwenye Kombe la Dunia, dhidi ya Denmark. Ajax, Celta Vigo, Porto, Blackburn, West Ham, akamalizia Orlando Pirates. Magoli 31 timu ya taifa, Bafana Bafana, hakuna aliyemfikia. Kwa straika wa huku kwetu hiyo CV ni ya kuweka kwenye fremu ukutani.

Sasa njoo kwenye msimu wa 2003/04 ambao ndo watu huutaja kwa mbwembwe. Porto ya kocha Mourinho. McCarthy kafunga mabao 20 ligi ya Ureno, kiatu cha dhahabu kachukua yeye. Februari 2004 Manchester United wanakuja Porto, anawapiga mbili, mechi inaisha 2-1, lile la pili kichwa alichopaa mpaka unajiuliza huyu mtu kapanda ngazi au vipi. Baadaye Porto wanaenda fainali kule Gelsenkirchen kucheza na Monaco na wanashinda 3-0. Watu wa kijiweni wanaishia hapo, bingwa wa Ulaya, basi.

Lakini rudi ukaitafute ile listi ya wachezaji walioanza fainali. McCarthy hayumo. Mfungaji bora wa ligi nzima ya Ureno, aliyeiua Manchester, fainali kubwa kuliko zote za maisha yake anaianzia benchi, mbele wanaanza Derlei na mtoto wa Kibrazili Carlos Alberto, yeye anaingia dakika ya 78 mambo yakiwa yameshaisha. Na timu inashinda tatu bila. Hebu fikiria ungekuwa wewe. Straika wa kwetu hapo angeondoka kambini, angeitisha waandishi, na mashabiki wangegawanyika makundi mawili kocha afukuzwe au asifukuzwe.

Mimi naamini zile dakika 78 za kukaa zilimfundisha ukocha kuliko mabao yote 20, kwa sababu ukiwa uwanjani kama namba tisa unaona vitu viwili tu, mpira na goli, lakini ukiwa benchi unaona timu nzima inavyosogea, unaona Mourinho kaamua kwamba kwa Monaco anahitaji mtu wa kukimbiza mabeki na kukaba juu kuliko mtu wa kumalizia, na unaona uamuzi huo unalipa mbele ya macho yako huku ukiwa umevaa bibu. Hilo somo halifutiki. Utake usitake unaelewa kwamba kocha halipi madeni ya magoli ya mwezi uliopita.

Na baada ya pale maisha yalimpiga vilevile. Blackburn alianza moto, mabao 18 msimu wa kwanza, nyuma ya Drogba tu ligi nzima. Halafu ikaja 2010, Kombe la Dunia linachezwa nyumbani kwao Afrika Kusini, mfungaji wao wa muda wote anaachwa kwenye kikosi. West Ham ndo usiseme, zaidi ya mwaka mzima hakufunga hata goli moja la ligi, kila siku magazeti ya Uingereza yanaandika habari za uzito wake, mwisho wakamalizana naye akaondoka. Kwa hiyo huyu ni mtu anayejua kuwa juu kukoje na anajua kuwa kichekesho kukoje, na kwa kocha hiyo ya pili ina faida zaidi kwa sababu wachezaji wengi unaowafundisha hawapo juu, wapo kule chini wanapambana.

Sasa ngazi za ukocha, hapa ndo watu wetu hawataki kuangalia kabisa.

Hakupewa timu kubwa kwa jina. Alianza 2015 kama msaidizi Sint-Truiden, klabu ya kawaida tu ya Ubelgiji, jirani na Genk aliyochezea Samatta wetu. Bingwa wa Ulaya anaenda kuwa msaidizi kwenye timu inayopigania kutoshuka daraja! Huku anasoma leseni zake mpaka ile ya juu ya UEFA. Mwaka 2017 ndo akapewa Cape Town City, nyumbani, msimu wa kwanza anapoteza fainali ya MTN8, kombe la kwao Afrika Kusini, kwa penati dhidi ya SuperSport, msimu unaofuata anarudi fainali ileile na wapinzani walewale anachukua kombe. 2019 anafukuzwa. Anakaa nje. Desemba 2020 anachukua AmaZulu ya Durban ambayo ilikuwa haimtishi mtu, na msimu huohuo anaimaliza nafasi ya pili nyuma ya Mamelodi Sundowns.

Kuhusu AmaZulu niongeze kitu maana kinatuhusu watu wa ziwani. Kwa kumaliza nafasi ile walienda Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yao na kwenye kutafuta makundi wakakutana na TP Mazembe. Mazembe sisi tunaijua, Congo ni hapo ng'ambo tu, na Samatta alibeba ubingwa wa Afrika 2015 akiwa nao. Timu ambayo haijawahi kucheza mashindano hayo inaitoa Mazembe, 0-0 Durban, 1-1 Lubumbashi, goli la ugenini. Sasa angalia hizo namba vizuri. Mechi mbili, goli moja la kufunga, moja la kufungwa. Hii ndo timu ya straika? Mtu ambaye hajaambiwa kocha ni nani angesema huyu alikuwa beki wa kati maisha yake yote.

Hapo ndo pointi yangu ilipo. McCarthy kocha hachezeshi mpira ambao McCarthy mchezaji angeufurahia. Anachezesha mpira ambao McCarthy mchezaji angeuchukia akiwa upande wa pili.

Lakini kabla ya Kenya kuna Manchester United, na hii ni ushahidi mzuri sana ambao watu wa pande zote mbili za ubishi wanausahau. Julai 2022 kocha wao Ten Hag alimchukua kwenye benchi lake, kazi yake kubwa washambuliaji, umaliziaji, vitu vya namba tisa. Msimu wa kwanza Rashford anafunga mabao 30 mashindano yote, maisha yake yote hajawahi kufikisha hapo. Watu wakasema umeona, straika anamfundisha straika. Sawa. Msimu wa pili kocha yuleyule, mchezaji yuleyule, uwanja wa mazoezi uleule, Rashford anafunga 8. Thelathini kisha nane! Na timu nzima kwenye ligi ilifunga 58 msimu wa kwanza na 57 wa pili, yaani pale pale, wa kwanza walimaliza nafasi ya tatu, wa pili wakawa wa nane. Kwa hiyo kama unampa sifa za zile 30 basi mlaumu na kwa zile 8, au kama mimi, kubali kwamba kumalizia hakufundishiki kiasi kile tunachodhani. Unaweza kumfundisha mtu asimame wapi, akimbie saa ngapi, afungue mwili vipi. Ule utulivu wa kipa kakutokea na wewe huna haraka, huo kila mtu anakuja nao au haji nao.

Ndo maana mastraika wakubwa wengi ukocha huwapiga chenga. Alan Shearer mabao 260 ya Premier League, rekodi mpaka sasa, alipewa Newcastle 2009 mechi nane za mwisho, kashinda moja, timu ikashuka. Tatizo nadhani ni kwamba kile walichokuwa nacho hawakukipata kwa kufundishwa kwa hiyo hawajui waanzie wapi kumpa mwingine. Kocha kama huyo utamsikia pembeni ya uwanja anapiga kelele "piga! piga tu!" na kijana anapiga, unaenda kwenye miembe. Hapa mjini kuna timu ya mtaa, jina naliacha, walimpa kocha wa hivi, mazoezi yote ni kupiga mashuti golini, jioni nzima, wanafurahi kweli, siku ya mechi mpira hauwafikii mbele maana hakuna aliyefundishwa kuutoa nyuma.

Sisemi straika hawezi. Hossam Hassan, yule aliyegawana naye ufungaji bora 1998, kakabidhiwa Misri Februari 2024 na kaipeleka Kombe la Dunia la 2026. Na wa kwetu tunaye, tena mkubwa, Abdallah Kibadeni. Wazee wa Simba wakianza kusimulia Julai 19, 1977 hawamalizi, Simba 6 Yanga 0, King Kibadeni kaweka tatu peke yake, na watu wa Yanga ukiwatajia tarehe hiyo wanaaga. Kila mtu anamkumbuka Kibadeni kwa zile tatu. Mimi namkumbuka zaidi kwa 1993, akiwa kocha, kaipeleka Simba fainali ya Kombe la CAF, mzawa, straika mstaafu, fainali ya Afrika! Baada ya pale klabu ya Tanzania kufika tena fainali ya Afrika tulisubiri mpaka Yanga ya 2023. Miaka thelathini.

Na fainali yenyewe ilivyokwenda inachekesha na inauma kwa wakati mmoja. Abidjan, ugenini kwa Stella, timu yake inakaba inatoka 0-0. Inarudi Dar es Salaam, uwanja umejaa, Rais Mwinyi mwenyewe yupo jukwaani, kinachohitajika ni kufunga tu, na timu ya mfungaji wa zile tatu za Yanga haifungi hata moja, inapigwa mbili. Kukaba aliweza kuwafundisha. Kufunga hakuweza kuwafungia. Huwezi kumlaumu, alikuwa kavaa suti.

Haya twende Kenya sasa. Kapewa Harambee Stars Machi 2025 na mwanzo haukuwa wa kutisha, 3-3 na Gambia, kisha Gabon wanakuja Nyayo wanashinda 2-1, Aubameyang mzee wa miaka 35 anafunga zote mbili. Halafu ikaja CHAN. Kundi lao lilikuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, hapa Kigoma hakuna aliyewapa nafasi, watani wetu wale tulikuwa tunasubiri kuwacheka tu. Wakampiga Congo 1-0. Droo na Angola 1-1 baada ya kubaki kumi dakika ya ishirini na kitu. Morocco 1-0, tena kumi, kipindi cha pili chote. Zambia 1-0. Mechi nne, wamefunga nne, wamefungwa moja, pointi kumi, wanaongoza kundi. Na ile Morocco waliyoifunga ndo iliyotutoa sisi robo fainali na ndo iliyobeba kombe, katika mashindano yote hakuna mwingine aliyeifunga.

Ile ya Morocco niliangalia bandani na watu wote walikuwa wanamuangalia Ryan Ogam kwa sababu ya goli, mimi nikawa naangalia mabeki. Mshambuliaji wa Morocco akishuka kupokea mpira kati ya mstari wa mabeki na wa viungo, anakuta mtu. Akienda pembeni wanamuacha aende, huko hana madhara. Krosi ikija kuna watu wawili wanaruka, mmoja kwa ajili ya mpira, mwingine kwa ajili ya kumsumbua tu. Hivyo vitu vidogo vidogo ndo vilivyokuwa vinamtesa McCarthy mwenyewe kule Blackburn kila wikiendi, mabeki wa Kiingereza wanamgusa mgongo kabla mpira haujafika, anageuka hana nafasi, anapewa mpira akiwa kwenye kibendera cha kona. Kachukua kila kilichokuwa kinamkera akawapa Wakenya wakakifanye kwa wengine. Hii hata mtu aliyefunga goli mbili maisha yake yote anaweza kuijua, mradi aliwahi kukabwa sana na alikuwa anajiuliza nakabwaje.

Robo fainali wakatoka kwa Madagascar, 1-1, penati 4-3. Na hapa pia ubishi ulikuwepo, eti kocha straika anatolewaje kwa penati. Jamani. Apige yeye?

Ila nisiwe shabiki pia. Septemba ileile Gambia walienda Kasarani wakawachapa 3-1, Novemba Senegal wakawapa nane bila kwenye mechi ya kirafiki kule Uturuki. Nane. Wale walionirushia matokeo yale usiku ule walidhani wamenimaliza, lakini kwangu yanaelezeka. CHAN ni wachezaji wa ligi za ndani, alikaa nao kambini kwa wiki kadhaa, ukuta ule unajengwa kwa kurudia rudia, mtu anajua mwenzake akitoka yeye anaingia wapi. Timu kubwa wanakuja watu kutoka kila kona ya dunia, wanafika Jumatatu wengine Jumanne, Ijumaa mechi. Kukaba kwa pamoja hakujengwi kwa siku tatu, ila kufunga kunaweza kutokea siku yoyote kama una Mané mbele kama Senegal, na Kenya hawana Mané. Kwa hiyo udhaifu wake kama kocha umeonekana palepale kwenye nguvu yake, anahitaji muda na watu walewale, na timu ya taifa haikupi vyote viwili.

Kwa hiyo kwa AFCON ya 2027 iliyoletwa kwetu, Kenya na Uganda, mimi Kenya nitawaogopa kuliko wanavyoonekana kwenye karatasi maana mwenyeji anapata kambi ndefu. Nitawaogopa kwenye 1-0. Wakifungwa la kwanza sijui kama watarudi.

Turudi nyumbani kidogo. Hapa uwanja wetu wa Lake Tanganyika sisi wenyewe tumeshaonyeshwa mara mbili kwamba mechi kubwa haziamuliwi na wale tunaowaimba. Julai 2021, fainali ya FA, Simba na Yanga, mji mzima haulali, wageni wamejaa nyumba za kulala wageni mpaka wengine wanalala kwenye magari, mastraika wa bei wapo pande zote, na goli pekee la mechi akafunga Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji, kichwa cha kona. Aprili 2024 Mashujaa wanaitoa Simba kombe lilelile, 1-1 kisha penati, na ukiuliza nani alikuwa nyota siku ile watu wanabishana kwa sababu nyota hakuwepo, walikaba wote kama wanajeshi, ambao ndo walivyo. Tumeyaona kwa macho yetu halafu kesho yake tunarudi kijiweni kusema tupewe kocha aliyekuwa anafunga.

Na sasa kuna hii ya Samatta. Hajastaafu, na ukocha tayari tumeshampa, mara Taifa Stars, mara Simba. Ni mchezaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwa nao, sina ubishi, mabao 23 ya ligi Ubelgiji msimu ambao Genk walichukua ubingwa sio mchezo. Lakini siku akitundika daluga mimi ningependa asipewe hata timu moja hapa. Arudi Genk, wana shule ya vijana inayoheshimika Ulaya nzima, aombe kazi hata ya kupanga koni kwa watoto wa chini ya miaka 16, akae miaka miwili mitatu asome na leseni, ashuke hadi timu kama ile Sint-Truiden akawe msaidizi wa mtu ambaye hajawahi kufunga goli lolote la maana. Watu watasema nahodha wetu anadhalilishwa. Waseme tu.